Serikali haiingii vitani kwa sababu moja

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, iwe Kariakoo au Mwanjelwa, usubiri mmoja asome kwenye simu habari inayohusu serikali yetu na nchi nyingine. Kahawa haijapoa, utakuwa umeshasikia maelezo matatu. Huyu atasema, "Fuata hela, kila kitu hela." Yule atasema wakubwa wametubana na hatuna ubavu wa kukataa. Wa tatu atawaambia wenzake wanajisumbua bure: mtazameni rais aliyepo, hiyo ndiyo hulka yake. Hapo ubishi unaanza, na kila mmoja anatetea jibu lake kana kwamba amelirithi kwa baba yake.

Ubishi wa kijiweni haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba wasomi, wahariri na mabalozi wastaafu wanaoalikwa studio hufanya hivyohivyo, tofauti ni tai tu. Taaluma ya uhusiano wa kimataifa imegawanyika kambi kambi kwa miongo mingi. Wapo watu wa uhalisia, akina Hans Morgenthau na Kenneth Waltz, wanaosema dunia haina mtawala juu ya watawala, hivyo kila nchi hupima nguvu na usalama wake kwanza. Wapo waliberali wanaotazama biashara, taasisi za pamoja na makundi ya ndani yanayoisukuma serikali. Wapo wanaofuata njia ya Alexander Wendt, wanaosema nchi hutenda kulingana na inavyojitambua na kanuni inazoziamini. Na sisi Dar es Salaam tulikuwa na kambi yetu pale Chuo Kikuu, Mlimani, enzi za Walter Rodney, iliyofundisha kwamba huwezi kuielewa nchi maskini bila kutazama mnyororo unaoufunga uchumi wake kwa nchi tajiri. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Nautaja msimamo wangu mapema. Anayeeleza siasa za nje za nchi kwa nadharia moja ana haki, lakini ana robo ya haki. Tunahitaji kuziunganisha nadharia hizi zinazopingana. Ila anayezichanganya zote kwa mkupuo, kidogo cha hapa na kidogo cha pale ili asimuudhi mtu, huyo ni mvivu kuliko wa kwanza. Kuunganisha kuna utaratibu wake, na mfano mzuri wa utaratibu huo tunao hapa nyumbani.

Wote waliapa, wachache wakatimiza

Tuanze na jambo ambalo watu wa uhalisia hulikwepa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru ili utawala wa wachache uendelee. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa, wakaazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi ule hadi tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zitavunja nayo uhusiano wa kibalozi. Siku ilipofika, Tanzania ikavunja. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani kutoka London ukazuiwa.

Hebu mwulize mtu wa uhalisia: taifa changa, lenye jeshi dogo na shamba la mkonge kama tegemeo, linapata usalama gani kwa kugombana na Uingereza? Hana jibu zuri. Kambi ya mnyororo nayo inatatizika, maana tegemezi hapa ndiye aliyekata. Wanaoshinda raundi hii ni watu wa kanuni na utambulisho. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilijiona kuwa ni ya ukombozi wa Afrika, Kamati ya Ukombozi ya umoja ule ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na azimio lilikuwa limepitishwa. Neno likishatoka, limetoka.

Ushindi huo haudumu lakini. Azimio lilikuwa moja kwa nchi zote, ila waliolitimiza walikuwa wachache: Tanzania, Ghana, Misri, Guinea, Mali, Algeria na wengine wa kuhesabika. Kenya haikuvunja. Je, Kenya haikuwa na utu wa Kiafrika? Ilikuwa nao, lakini ilikuwa pia na vita vya mashifta Kaskazini Mashariki, ikiihofia Somalia iliyodai eneo lile, na Uingereza ndiyo iliyokuwa msaada wake wa kijeshi. Mpango wa kununua mashamba ya walowezi ili wapewe wananchi ulikuwa ukiendeshwa kwa fedha za Waingereza. Familia iliyokuwa ikisubiri ekari zake Nyandarua ilikuwa na uzito wake Nairobi kuliko hotuba ya Addis Ababa. Ukizitazama nchi mbili hizi pamoja, kanuni inaeleza kwa nini jambo liliwezekana kufikirika, na hofu na masilahi yanaeleza nani alimudu kulitenda.

Na msisahau kwamba Januari 1964, majeshi yalipoasi Tanganyika, Kenya na Uganda, serikali zote tatu ziliwaita askari wa Uingereza kuja kuzima uasi. Miaka miwili haijatimia, mmoja wa waliookolewa akamfungia mwokozi mlango. Nadharia ya nguvu peke yake isingekupa hilo hata ungeikamua usiku kucha.

Kagera: hotuba yenye nadharia ndani yake

Mfano wa kufundishia, hata hivyo, ni vita ya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Tanzania, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, kilomita za mraba kama 1,800, sasa ni lake. Daraja la Kyaka likabomolewa. Watu wakakimbia kuelekea kusini na walichoweza kubeba, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, mashamba ya migomba na kahawa yakabaki bila mwenyewe. Nyerere alipolihutubia taifa alitaja mambo matatu ambayo kila Mtanzania wa rika fulani anayajua kwa moyo: sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao, nia tunayo.

Hotuba ile huchukuliwa kama mwito wa kivita tu. Mimi naiona pia kama somo la siasa za kimataifa lililopangwa vizuri kuliko vitabu vingi. Uwezo ni swali la watu wa uhalisia. Nia ni swali la wanaochunguza viongozi na siasa za ndani. Sababu ni swali la wanaotazama haki na kanuni, yaani nini kinahalalisha kitendo mbele ya wananchi na mbele ya dunia. Mwalimu hakusema moja kati ya hayo linatosha.

Tuyapime basi kwa mwaka 1972. Septemba ya mwaka ule wafuasi wa Milton Obote, aliyepinduliwa na Amin Januari 1971 na kupewa hifadhi Tanzania, walivuka mpaka kujaribu kurudi Kampala. Wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikaupiga mabomu mji wa Bukoba. Mabomu kwenye mji wako ni sababu kubwa ya kwenda vitani. Nia nayo haikukosekana, kwa maana Nyerere hakuwahi kuutambua utawala wa Amin wala hakukubali kukaa naye meza moja. Hata hivyo Tanzania haikupigana. Ilisaini makubaliano Mogadishu mwezi uliofuata. Kilichopungua ni uwezo. Jeshi la Wananchi la miaka ile halikuwa na zana wala idadi ya kwenda mbali, na mafunzo na silaha za Wachina na Warusi ziliendelea kuingia kidogo kidogo miaka iliyofuata.

Je, basi tuseme uwezo ndio mwamuzi? La, maana uwezo ulikuwapo pia mwaka 1976 na 1977, na hakuna aliyevuka mpaka pale Mutukula. Ilihitajika sababu mpya, na aliyeileta ni Amin mwenyewe. Kwa nini aliileta? Hapa watu wa siasa za ndani ndio wenye neno. Mwaka 1978 jeshi la Amin lilikuwa limegawanyika, makamu wake Mustafa Adrisi alikuwa ameumia katika ajali ya gari iliyozua minong'ono mingi, vikosi vilikuwa vinaasi, na Marekani ilikuwa imepiga marufuku kahawa ya Uganda iliyokuwa ikimlipia mishahara. Mtawala asiyeweza kuwatuliza askari wake huwatafutia adui nje.

Ongeza jambo ambalo waliberali wangelitaja mapema: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Hapakuwa tena na reli, posta wala shirika la ndege la pamoja la kugombania kwa maneno badala ya mizinga. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka usuluhishi, lakini ukakwepa kumlaani mvamizi. Taasisi ambayo ingeweza kuizuia vita ama ilikuwa imekufa, ama ilikuwa inatazama pembeni.

Swali linalowapa watu shida zaidi ni hili: kwa nini Tanzania haikuishia mpakani? Ardhi ilikuwa imeshakombolewa. Hesabu ya uhalisia mtupu ingesema rudi nyumbani, nchi ni maskini. Kanuni ya Afrika, ambayo Tanzania ilikuwa mtetezi wake mkubwa, ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Lakini Januari 1979 jeshi likavuka Mutukula, Februari likaingia Masaka na Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Uamuzi ule haukufanywa siku moja. Ulikua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na msukumo wake. Kuchukua vilima vya Mutukula ilikuwa ni usalama: mizinga ya adui ilikuwa inatazama vijiji vyetu kutokea juu. Kwenda Masaka na Mbarara kulikuwa na kisasi ndani yake, na majengo yaliyobomolewa kule yanasema hivyo. Kwenda Kampala kulitokana na mambo mengine. Wakimbizi wa Uganda waliotarajiwa kumalizia kazi hawakuwa na nguvu ya kuimaliza, na Muammar Gaddafi alileta askari wa Libya kumsaidia Amin, akampa Nyerere amri ya kuondoka Uganda. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979, ulioiunda serikali ya mpito ya Yusuf Lule, uliipa safari ile sura ya ukombozi wa Waganda wenyewe. Mwulize sasa yule wa kijiweni aliyesema "hulka ya rais". Hulka ilikuwapo, lakini ilikuwapo tangu 1971. Na yule wa "fuata hela"? Masikini, hela zilikuwa zinatoka tu.

Alama za vita kwenye foleni ya sukari

Na zilitoka kweli. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na mgambo Kagera, na mengi hayakurudi kama yalivyoondoka. Baada ya ushindi wananchi waliombwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima enzi zile watakuambia mkanda ulifungwa hadi tundu zikaisha. Sabuni ya kufulia ikawa zawadi ya harusi. Foleni ya sukari ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na aliyeachiwa zamu na jirani alikuwa na ndugu kuliko ndugu wa damu. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na watu wakatupa vitenge na redio mitoni usiku ili wasikutwe navyo.

Hata hapo ugonjwa wa sababu moja haujatuacha. Mwingine atasema vita ndiyo iliyotufukarisha, mwingine Ujamaa, mwingine bei ya mafuta iliyopanda mwaka uleule wa 1979. Yote yalikuwapo, na ajabu ni kwamba kila mmoja huchagua ile inayomchafua anayemchukia.

Vifaranga na mahindi

Msidhani haya ni ya wazee. Oktoba 2017 maofisa wetu waliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kupitia Namanga kutoka Kenya, wakisema ni kuzuia mafua ya ndege. Muda mfupi kabla ya hapo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai wa upande wa Kenya walikuwa wamekamatwa na kupigwa mnada. Nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya iliyozaliwa upya, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilikuwa inatumika tangu Julai 2010. Waliberali walituahidi nini kuhusu taasisi na biashara? Lakini pia kifaranga si tishio kwa usalama wa taifa, kwa hiyo watu wa uhalisia nao wakae kimya.

Machi 2021 zamu ikawa ya Kenya: mahindi ya Tanzania na Uganda yalipigwa marufuku kwa hoja ya sumukuvu. Marufuku ikaondolewa baada ya siku chache kwa masharti, lakini malori yaliendelea kusota mpakani hadi Mei, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza mzigo upitishwe. Pembeni ya malori yale walikuwapo madereva waliolala chini ya tela, na wenye mahindi waliokuwa wakihesabu riba ya mkopo. Itifaki ilikuwa ileile ya 2010. Mpaka ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni viongozi na hali yao wao kwa wao. Lakini uongozi peke yake usingetosha kama walaji wa ugali wa Nairobi wasingehitaji mahindi ya Manyara. Hapo unaona nadharia mbili zikibebana: njaa ilifungua mlango nusu, ziara ikausukuma.

Si kila homa ni malaria

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema nadharia inayoeleza kila kitu haielezi chochote. Ukiruhusu nguvu, hela, kanuni na hulka ya kiongozi vyote viingie kwenye maelezo, utashindwaje kueleza? Utakuwa na jibu la kila jambo baada ya kutokea, na hutakuwa na neno kabla halijatokea.

Nakubali hatari hiyo. Ndiyo maana nilisema kuunganisha kuna utaratibu. Zamani kwenye zahanati zetu kila homa ilikuwa malaria, na mgonjwa wa taifodi alirudishwa nyumbani na dawa ya malaria hadi akazidiwa. Tiba ya kosa lile haikuwa kumpa mgonjwa dawa za magonjwa yote. Ilikuwa kupima. Kila nadharia iulizwe inajibu swali gani: kwa nini jambo hili, kwa nini wakati huu, kwa nini hadi pale. Kisha itafutwe kesi inayoweza kuiumbua, kama Bukoba ya 1972 inavyomuumbua anayesema sababu inatosha, na Kenya ya 1965 inavyomuumbua anayesema kanuni inatosha. Ikishindwa, iondoke kwenye swali lile, hata kama ndiyo nadharia ya profesa wako.

Wakubwa wa taaluma wenyewe wanalijua hili. Graham Allison mwaka 1971 aliueleza mgogoro wa makombora ya Cuba wa Oktoba 1962 kwa miwani tatu tofauti, na kila miwani ilionyesha kilichofichwa na nyingine. Waltz, baba wa uhalisia wa kisasa, alisema waziwazi kwamba nadharia yake ya 1979 inaeleza mfumo wa dunia, haielezi sera ya nje ya nchi moja moja. Wanafunzi wake ndio waliomzidi kwa imani. Rudra Sil na Peter Katzenstein mwaka 2010 waliandika kitabu kizima kuwasihi wenzao watoke kwenye ngome zao.

Tatizo la kushikilia nadharia moja si la darasani pekee. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine: 141 waliunga mkono azimio, 5 walipinga, 35 hawakuelemea upande wowote. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuwa kwenye wale 141. Tanzania, Uganda na Burundi walikuwa kwenye 35. Wengi walimaliza maelezo kwa kusema Tanzania inakumbuka silaha za ukombozi kutoka Moscow. Sawa, lakini zilitoka Muungano wa Kisovyeti, ambao Ukraine nayo ilikuwa ndani yake, na Wakenya walioipinga Urusi walikuwa na jirani aliyewahi kudai ardhi yao. Miezi mitatu baadaye serikali yetu ilikuwa inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupoza bei ya mafuta. Kura haikuzuia bei kupanda, na wala haikuwa imeipandisha. Mwananchi aliyeambiwa kwamba kila kitu ni urafiki na Urusi hakuwa na njia ya kulielewa hilo kwenye kituo cha mafuta.

Tuandikieni mlichokiona

Kinachokwamisha kazi hii ya kupima kwetu ni karatasi. Nadharia ya hulka ya kiongozi haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa bila kumbukumbu za vikao, barua na shajara za waliokuwamo chumbani. Mwaka 2023 ilizinduliwa Dar es Salaam hifadhi ya kidijitali ya nyaraka za mwanadiplomasia mkongwe Dk. Salim Ahmed Salim, na hilo ni jambo la kupigiwa mfano. Lakini ni hifadhi ya mtu mmoja. Wapo makatibu muhtasi waliopiga chapa barua za 1965, maofisa waliobeba ramani kuelekea Kyaka, madereva wa malori yaliyochukuliwa, wakalimani wa Mogadishu. Wengi wameshatangulia, na masanduku yao yako uvunguni kwa wajukuu wasiojua kilichomo. Kama wewe ni mmoja wa wajukuu hao, usiuze karatasi zile kwa wafunga karanga. Zipeleke Nyaraka za Taifa, au chuo kikuu kilicho karibu nawe, na kama bibi au babu yu hai, chukua simu yako leo umrekodi akisimulia.